Risasi za Kung'aa

Mwenye akili zake angenyamaza. Kebaso hakunyamaza. Siku ya ukaguzi, pale kwenye uwanja wa kambi ya chifu, alizimwaga risasi zake juu ya meza ya Inspekta Jackton, akazigawa mafungu mawili: chache zilizokuwa nzima upande huu, na nyingi zilizoota kutu ya kijani upande ule.

“Hizi si salama, mkubwa,” akasema. “Naomba nibadilishiwe.”

Polisi wa akiba kama yeye hawaombi. Ni wakulima wa majani chai na wafugaji, serikali imewapa bunduki wakabiliane na wezi wa ng'ombe, mshahara hakuna, na asante yenyewe huipati. Kwenye kilima chao, huko juu ya Kapkatet, bunduki zilikuwa mbili: G3 ya Kebaso na G3 ya jirani yake Kimeli. Baba yake Kebaso alitoka Kisii akanunua shamba hapo, na tangu siku hiyo nyumba hizo mbili hazijawahi kunyimana hata chumvi.

Sasa, huku kwetu mvua haingoji msimu. Weka kitu cha shaba kwenye mfuko wa turubai, ukikumbuka kukitazama utakuta kimeota kijani kama ukuta wa choo. Fundi wa silaha aliwaonya siku ya mafunzo, tena kwa ukali. Risasi ya AK na ya G3 zote mnaziita saba sitini na mbili kwa upana wake, alisema, lakini moja ni fupi na nyingine ndefu, na anayezichanganya amejitafutia msiba. Na hata ile ya bunduki yako, ikila kutu au ikibonyea, usiitie ndani, maana ganda limeisha nguvu. Usiisugue. Usiipake mafuta. Irudishe kituoni.

Irudishe! Rahisi hiyo kuisema. Ukiirudisha unaulizwa umeilaza wapi, ukieleza unaitwa mzembe, na mzembe hunyang'anywa bunduki. Kwa hiyo watu wa kilima wakajitafutia njia yao. Ukaguzi ukikaribia, risasi zinapelekwa jikoni. Mama wa nyumbani anachukua jivu na waya wa kusugulia sufuria, anazisugua mpaka unajiona uso. Kimeli, kwa kuwa alikuwa mtu wa ng'ombe kabisa, akaongeza ufundi wake mwenyewe: alizipaka yale mafuta ya kukamulia, yanayopakwa chuchu za ng'ombe zisipasuke. Eti ziteleze vizuri.

Kabla ya ukaguzi ule, Kebaso alimkuta Edinah, mke wa Kimeli, akizisugua mlangoni.

“Mama Valary, hizo ni za kuonyesha tu, sivyo?” akamuuliza. “Zisiingie kwa bunduki.”

Kimeli akacheka ndani ya nyumba. “Wewe Kebaso unaogopa hata kivuli yako! Risasi chafu ndiyo mbaya. Hii ni safi kuliko sahani yako.”

“Si uchafu, ndugu yangu. Hiyo kutu imekula ganda. Ukisugua unazidi kulipunguza. Na hayo mafuta ndiyo mabaya kabisa.”

“Haya basi, nenda umwambie Inspekta.”

Ndiyo akaenda kumwambia. Na Inspekta Jackton akazitazama zile risasi za kijani kama mtu aliyewekewa kinyesi mezani.

“Mali ya serikali umeiweka namna hii, halafu unadai mpya?”

“Sidai, mkubwa. Nasema zinaweza kupasuka.”

“Nyinyi watu wa Kisii mnazaliwa na midomo.” Akamgeukia Kimeli, akachota risasi zake, akaziinua juu ziwake juani. “Muone mwenzenu! Hivi ndivyo askari anatunza silaha.”

Watu wakapiga makofi. Kimeli akatabasamu kidogo, kwa aibu, akakwepa macho ya rafiki yake. Bunduki ya Kebaso ikapakiwa kwenye gari la polisi na kwenda zake. Alirudi nyumbani kwa miguu, roho ikimchoma, na mkewe Drusilla akaona kutoka mbali kwamba bunduki haipo.

Wezi nao wana masikio. Wiki haijaisha walikuja, alfajiri, wakati wa kukamua, ukungu umelala juu ya majani chai. Drusilla alikuwa ameketi chini ya ng'ombe na ndoo yake alipoona miguu ya watu asiowajua. Akapiga nduru. Kebaso alitoka na rungu. Rungu! Mbele yake wanaume wenye mapanga na bunduki moja, nao wanafungua zizi taratibu kana kwamba wamelipia. Akawaona wakiwatoa ng'ombe wake, wale waliosomesha watoto wake, na alichobaki nacho ni mdomo.

“Kimeli!” akaita kwa nguvu zake zote. “Kimeli we! Wananimaliza!”

Kimeli hakuchelewa. Alikuja akikimbia katikati ya michai, shati wazi, miguu mitupu, bunduki mkononi. Hakuuliza ng'ombe ni wa nani. Akapiga magoti kando ya ua, akalenga, akafyatua. Risasi ya kwanza ilitoka. Ya pili ililia vibaya, mlio mpana usiokuwa wa bunduki, na moshi ukatokea ubavuni badala ya mdomoni. Kimeli akaanguka chali, ameshika uso.

Kebaso akalitupa rungu akamkimbilia. Ganda lilikuwa limechanika, moto ukarudi kwa mwenyewe. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha, na vidole viwili vya mkono vilining'inia. Wezi waliwaswaga ng'ombe wakateremka nao mtoni, wala hawakuona haja ya kukimbia.

Walimfikisha Kapkatet hospitalini akiwa hai. Madaktari wakafanya walichoweza, vidole wakavikata.

Kimeli alipokuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, Inspekta Jackton akamwita Kebaso kituoni. Sauti yake siku hiyo ilikuwa ya asali.

“Kilima hakiwezi kukaa bila mtu,” akasema. “Tumeamua kukurudishia bunduki.”

Akafungua stoo, akatoa boksi ambalo halijavunjwa muhuri. Risasi kavu, mpya, za G3 hasa. Kebaso akaigeuza moja mkononi. Hata doa haikuwa nalo.

“Hizi zilikuja lini?”

“Ziko hapa tangu mwaka jana.”

“Na siku ile nilipoomba?”

“Siku ile hakukuwa na sababu.” Jackton akamsogezea kalamu na karatasi ya taarifa. “Mwenzako alizipaka mafuta. Uzembe wake huo. Tumeshaandika hivyo.”

Kebaso alitamani amrushie boksi usoni. Alitamani hata amtemee mate. Lakini wale wezi walikuwa wameonja, wangerudi, na ndama mmoja alikuwa amebaki zizini pamoja na watoto nyumbani. Akatia sahihi. Njia nzima alijichukia.

Hakupitia kwake, alienda moja kwa moja kwa Kimeli. Alimkuta ameketi kwenye kiti nje ya nyumba, bendeji usoni, mkono umelala mapajani kama si wake. Edinah alikuwa akijaribu kumnywesha uji.

“Hiyo ni bunduki yako?” Kimeli akauliza, jicho lililobaki likimtazama begani.

“Wamenirudishia.”

“Na risasi?”

“Mpya. Zilikuwa stoo.”

Kimeli akacheka kwa uchungu. “Kumbe ilibidi kwanza mtu apasuke.”

“Pole, ndugu yangu. Mimi nilisema. Nilimwambia Inspekta mbele ya watu wote, wewe mwenyewe ulisikia. Nilijua zile si za kupigwa.”

Edinah akaweka kikombe chini. Hakupandisha sauti.

“Baba Jerusa,” akamwambia Kebaso, “ulijua. Asubuhi ile pia ulikuwa unajua. Na bado ukamwita.”

Kebaso aliishusha bunduki begani, akaiweka chini. Ng'ombe walikuwa wake. Mdomo ulioita ulikuwa wake pia.