Nani wa Kusema Toa

Sheria ilipobadilika, mtaa mzima ulifurahi isipokuwa mfamasia mwenyewe. Zamani kazi yake ilikuwa kusoma karatasi ya daktari na kutoa kilichoandikwa. Sasa ameruhusiwa kumpima mtu presha na sukari, kuandika dawa kwa mkono wake na kuitoa palepale. Watu wakaanza kumwita daktari. Akawa anawajibu kwamba akili ni zilezile, kilichoongezeka ni lawama. Walicheka, lakini hakuwa anatania.

Maana duka lile lilikuwa na mazoea yake. Alikuwa akifanya kazi na mumewe, mfamasia kama yeye, na hakuna dawa iliyovuka dirisha kabla ya kusomwa na wote wawili. Mmoja anasoma kwa sauti jina, dawa na kipimo. Mwenzake, mkono juu ya kopo, anarudia. Akiridhika anasema, "Toa." Asiporidhika ananyamaza, na hapo hata mteja agonge dirisha mpaka achoke, dawa haitoki. Kisha mume akafa, ghafla tu, kwa moyo, yeye aliyewauzia nusu ya mtaa dawa za moyo. Nafasi yake ikachukuliwa na mashine ya kuhesabu vidonge, iliyounganishwa na kompyuta: dawa ikishaandikwa tu, inaiangusha kwenye sinia. Mashine haikosei hesabu, ila ukiisomea haijibu kitu.

Chumba cha kupimia wagonjwa kilikuwa ile stoo ya nyuma, yenye rafu ndefu katikati, alimokuwa akipumzika marehemu. Siku ya kwanza kuandika dawa humo, mfamasia aliisoma kwa sauti, mazoea tu. Nyuma ya rafu sauti ikarudia neno kwa neno, polepole, na ule mkwaruzo wa kooni anaoujua. Ikamalizia, "Toa."

Nywele zilimsimama. Alizunguka rafu, akakuta maboksi. Kesho yake ikawa vilevile. Hakumwambia mtu, maana angemwambia nani asimwone kachanganyikiwa? Siku zikapita, hofu haikuisha, lakini tuseme ukweli, akaanza kuitegemea. Alikuwa akimlilia mumewe nyumbani, anamwogopa kazini, na bado anafanya naye kazi.

Mchana mmoja akaingia wifi yake, mdogo wa marehemu, mwanamke asiyejua kubisha hodi kwa sauti ndogo.

"Daktari wa familia, nipime. Kichwa kinataka kupasuka."

Presha ilikuwa juu. Akapima tena mkono wa pili, ikawa juu vilevile.

"Wifi, hii ungeenda hospitali."

"Nikapange foleni mpaka jioni, na wewe una kiti na kalamu hapa? Usinitese bwana, niandikie."

Dawa ya kwanza iliyomjia kichwani ni ile anayowaandikia wengi. Ina sharti moja: mwanamke ambaye bado anaweza kuzaa lazima aulizwe kama ana mimba, kwa sababu inaharibu figo za mtoto tumboni. Swali hilo alikuwa akiwauliza wanawake wote bila kupepesa jicho. Lakini huyu ni wifi yake. Amekaa kwenye ndoa miaka na miaka bila mtoto, kasimangwa na wakwe, karudishwa kwao na kufuatwa tena. Katika ukoo ule neno mimba halitajwi mbele yake, hata mgeni akijisahau anakanyagwa mguu chini ya meza. Mfamasia akalimeza swali. Alijiambia kwamba ni huruma.

Akaandika, akasoma kwa sauti ya chini.

"Unamsomea nani?" wifi akauliza.

"Najisomea."

Kimya. Akasoma tena, akasubiri. Friji ya dawa ilinguruma pale kwenye kona. Huko mbele mashine ilikwishaangusha pakiti kwenye sinia, na wifi, ambaye kusubiri si tabia yake, akaenda akaichukua, akaaga, akatoka.

Mfamasia alibaki kakaa. Maiti haitoi dawa, akajiambia. Sheria inasema mimi natosha. Nimesoma, nina leseni, nimepima mara mbili. Kule nyuma ya rafu hapakuwa na hata pumzi, na ukimya ule ulimtisha kuliko sauti yote aliyowahi kuisikia humo. Akainuka, akatoka mbio na koti lake jeupe, akamkamata wifi mkono kando ya barabara.

"Wifi, nisamehe. Una mimba?"

Uso wa wifi ulibadilika. "Hata wewe?" alisema. "Hata wewe, wifi?"

"Nijibu kwanza, halafu unichukie."

Wifi alitazama chini. Mkono wenye pakiti ukashuka tumboni wenyewe, na machozi yakaanza kumtoka mbele za wapita njia.

"Mwezi wa tatu. Mume wangu hajui. Naogopa nikisema tu, itatoka." Akafuta uso kwa kiganja. "Nani kakwambia? Nimemwambia kaka peke yake. Nilikwenda kaburini Jumapili, nikamwambia yeye tu."

Mfamasia akamchukulia ile pakiti mkononi. Akaitia mfukoni mwa koti lake.

"Hakuna aliyeniambia," akasema, na hakuwa amedanganya.

Alirudi kufunga duka, akazungusha ufunguo bila kuthubutu kutazama ndani. Kisha wakaenda wote wawili hospitali, wakapanga foleni.