Meno ya Profesa Punda

Daktari wa meno alikuwa amejiapiza kutorudia tena kitu chochote alichokipenda utotoni. Si kwamba alikuwa na roho ngumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alikuwa ameumwa mara mbili, mara zote kwa mkono wa kaka yake.

Kaka yake alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mwenye kitambi cha baba wa watu na moyo wa mtoto wa darasa la pili. Mara ya kwanza alimletea ile filamu ya mpiganaji wa kilemba chekundu, ambaye kwa ajili yake waliwahi kuvunja mguu wa kochi wakijifunza kuruka. Walipoiangalia ukubwani waliona ngumi zinapita mbali na uso wa adui, kama mtu anayefukuza inzi, na adui anaanguka kwa heshima tu. Yule binti aliyetekwa, ambaye daktari alimlilia hadi akapata homa, alikuwa mwanaume aliyevaa wigi, tena hajanyoa vizuri. Mara ya pili ukawa ni ule mchezo wa redio wa mpelelezi. Kumbe mpelelezi hakuwahi kupeleleza lolote. Aliingia, akafoka, na wezi wakakiri wenyewe ili aondoke.

Kwa hiyo kaka alipopiga simu asubuhi moja na kusema amepata flashi yenye vipindi vya Profesa Punda, kutoka kwa fundi mstaafu wa kituo cha televisheni, daktari aliiweka simu mbali na sikio.

"Upo?"

"Nipo. Huyo nakuomba umwache alipo."

"Jumamosi kwa Mama. Njoo na karanga."

"Siji."

"Unaogopa?"

"Naogopa, ndiyo! Huyo ndiye aliyebaki. Akituangusha na yeye, nitakuwa mtu aliyezaliwa na umri wa miaka thelathini."

Profesa Punda alikuwa karagosi. Kichwa chake kilikuwa soksi ya kijivu, masikio yake yalikatwa kwenye ndala kuukuu, na miwani yake haikuwa na vioo. Kila Jumamosi alasiri alikaa nyuma ya meza kubwa akijibu maswali ya watoto, na hakuna alilolijua. "Ssswali zuri sssana!" alisema kila mara, na kila S yake ilitoka na mluzi mkali uliowaamsha mbwa wa mtaa mzima. Watoto wote walimwiga. Mwalimu wa hisabati aliwahi kuchapa darasa zima kwa sababu ya neno "sita".

Daktari alikata simu, akavaa glavu, akaita mgonjwa wa kwanza. Nesi alitangulia kuingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Daktari, huyu wa sasa ana mdomo."

"Wote wana midomo."

"Huyu ana *mdomo*."

Aliingia mzee mwembamba mwenye koti la suti na uso wa mtu aliyeamshwa usingizini. Alimwangalia daktari juu hadi chini, akazungusha kichwa kutafuta mtu mwingine chumbani, akarudisha macho kwake.

"Daktari ni wewe? Mimi nilidhani binti wa daktari kafuata funguo." Aliyasema hayo ameziba mdomo kwa leso, maneno yakatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Kaa, mzee wangu. Toa leso. Fungua mdomo."

Meno mawili ya mbele ya juu yalikuwa na mwanya mpana wa kupitisha kijiti cha kiberiti, na yote mawili yalicheza kama milango ya choo cha stendi. Ufizi ulikuwa umevimba na kujaa usaha. Daktari hakuhitaji kuyatafakari.

"Haya hayaponi. Inabidi yatoke, leo hii."

"Sssawa," akasema mzee. "Ila nina ssswali. Sssindano inauma?"

Kioo cha daktari kilianguka kwenye sinia la vyuma. Vinyweleo vilimsimama hadi shingoni.

"Mzee, hebu sema 'swali zuri sana'."

Mzee alimkazia macho kama mtu aliyefumaniwa akijisaidia kwenye ua wa jirani. "Nani kakwambia?"

"Profesa Punda!" Daktari alipiga makofi, glavu zikatoa mlio wa chapati. Nesi alichungulia, akaona bosi wake anarukaruka, akarudi alikotoka. "Nilikuwa nakupenda mimi! Nilikuwa nakupenda kuliko baba yangu!"

"Ungenipenda kimyakimya. Mimi watoto nilikuwa sssiwataki hata kwa dawa. Wanapiga kelele, wanavuta masssikio ya punda, na mmoja alimtapikia."

"Sasa ulifikaje pale?"

Mzee alijiegemeza kitini. Hadithi hiyo, ilionekana, hakuichukia kama alivyowachukia watoto. Alikuwa mwandishi wa habari, akasema, na siku moja kantini alikuwa akimwigiza mkurugenzi mkuu, na watu wote wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mkurugenzi alikuwa nyuma yake ameshika kikombe cha chai. Kesho yake akahamishiwa vipindi vya watoto, chini ya meza, mkono ndani ya soksi.

"Nikasssema, vizuri. Kila alichokisssema kwenye kikao cha asssubuhi, mimi nikakisssema Jumamosssi. Neno kwa neno. Mwisssho wa mwaka akanipongeza. Akasssema wanawe wanakipenda sssana kipindi, ila yeye mwenyewe hamwelewi yule punda."

"Na wewe ulikuwa unajionaje?"

"Nitajionaje niko chini ya meza? Nilichokiona mimi ni magoti ya watu. Na nyumbani sssikuwa na televisssheni."

Daktari alijaza ganzi kwenye sindano, kisha akairudisha kwenye sinia. Yale meno mawili, na ule mwanya katikati yake, ndiyo yaliyokuwa yakipiga mluzi. Aliwaza dawa za usaha, waya, miujiza.

Mzee alimwona. "Binti yangu, mimi nina usssaha, wewe una kumbukumbu. Nani mgonjwa hapa? Ng'oa."

Akang'oa. Yalitoka bila ubishi, moja baada ya jingine, yakalia kwenye bakuli la chuma. Mzee alitema, akafuta mdomo, akasema, "Athante." Mluzi ulikuwa umekwenda na maji. Daktari alibaki ameliinamia bakuli hadi nesi akamuuliza taratibu kama marehemu walikuwa ndugu zake.

"Jumamosi njoo kwa mama yangu," daktari alimwambia mzee mlangoni, maneno yakimtoka kabla hajayapima. "Kaka yangu ana vipindi vyako. Uje ujione."

"Mama yako anapika?"

"Anapika."

"Bathi nitakuja."

Jumamosi, sebuleni kwa Mama, kaka alikuwa ameshapanga viti kama vya sinema na kuchomeka flashi kwenye televisheni. Mama alikaa pembeni akimenya viazi, uso umekunjamana. Tangu zamani alikuwa na msimamo mmoja kuhusu Profesa Punda: ni upuuzi, unaozesha akili za watoto.

"Huyu mzee mgonjwa wangu," daktari akasema. "Na huyu mzee ndiye Profesa."

Kaka, mtu ambaye kutwa anawafokea wanafunzi wa leseni barabarani, aliruka kutoka kitini. Alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Nirudithie mkono wangu, ndio uliofanya kazi."

Kipindi kikaanza. Muziki wake ulikuwa kama kinanda kilichokaliwa na ng'ombe. Kabati la vitabu nyuma ya punda lilikuwa limechorwa kwenye shuka, na feni ilipogeuka, elimu yote ikapepea. Sikio la kushoto lilining'inia kwa uzi. Kwenye kona, mkono wenye shati la mistari ulitokeza, ukashikilia kabati lisianguke, ukabaki hapo hapo, umechoka. Daktari alimtupia kaka jicho. Kaka alikuwa akitafuna karanga haraka haraka, kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

Ndipo kitoto chenye utepe kichwani kikauliza: "Profesa, kwa nini kuku hawana meno?"

Punda alikohoa. Alisukuma miwani. "Ssswali zuri sssana! Sssuala la meno ya kuku linassshughulikiwa. Kamati imeundwa. Kamati hiyo nayo imeunda kamati ndogo. Kwa sssasa tunawaomba kuku wawe na sssubira, na wasssisssikilize maneno ya bata."

Chai ilimtoka daktari puani. Alhamisi tu, kwenye kikao cha kliniki, mganga mkuu alikuwa amesema hayo hayo kuhusu mashine ya eksirei iliyokufa. Kamati, kamati ndogo, subira. Bata tu ndio walikosekana. Utotoni alikuwa akicheka mluzi na masikio, maana kamati hakuijua ni mdudu gani. Sasa alikuwa anaijua, alikuwa mjumbe wa kamati tatu, na alicheka hadi akashuka kwenye kochi. Kando yake kaka naye alikuwa hoi, akipiga goti, akisema, "Sikio! Angalia sikio linavyocheza!" Walikuwa wanacheka pamoja, kila mtu na lake.

Mtoto mwingine akauliza kwa nini mvua hainyeshi chumvi. Punda akajibu kwamba hakuna mvua iliyowahi kulalamika, "na anayesssema inalalamika," na hapo sauti ya pili ikaungana naye pembeni mwa sebule, "atuletee mvua hiyo ofisini."

Wote wakageuka. Mama alikuwa ameshika kiazi nusu kimemenywa.

"Mnanitazama nini?"

"Mama! Ulisema ni upuuzi!"

"Nilisema." Akaendelea kumenya. "Mlidhani kila Jumamosi nilikuwa napiga pasi hapa? Shati moja la marehemu baba yenu nililipiga pasi kipindi kizima mpaka likaungua. Kiwandani tulikuwa tunamwita meneja wetu Profesa, na yeye akidhani tunamsifia."

"Mbona hukutuambia?"

"Niwaambie nini? Mngekwenda kutangaza shuleni, nifukuzwe kazi kwa ajili ya soksi?"

Mzee peke yake hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kiti, viganja kwenye magoti, akijitazama. Au tuseme alikuwa akiutazama mkono wake. "Hapo nimechelewa," alinung'unika. "Punda kafunga mdomo, thauti inaendelea. Aibu." Baadaye kidogo: "Thatha huyo kichwa kapindia wapi?" Kipindi cha pili kikaingia, na punda alipoulizwa umri wake akasema unafanyiwa utafiti na wataalamu kutoka nje, mzee aliguna, kisha akakohoa, kisha akashika shavu kwa mikono miwili akicheka na kulia kwa maumivu ya ufizi. "Mthenzi huyu!" akasema. "Ana akili, mthenzi huyu!"

Kisha akanyoosha kidole. "Rudisha nyuma. Hapo."

Kaka akarudisha. Kwenye skrini kulikuwa na kitoto kidogo kuliko wote, kimelegea, macho mazito. Hakikuuliza swali. Kilinyoosha mkono kikashika sikio la punda, na punda, bila kusema lolote, akainamisha kichwa hadi kikamfikia vizuri, akakiacha hapo mpaka kamera ikahama.

"Huyo ndiye aliyenitapikia," mzee akasema.

"Na wewe ulimwinamia," akasema Mama.

"Thikumbuki kumwinamia."

"Tumekuona wote."

"Alikuwa mgonjwa," mzee akafoka. "Ungetaka nifanye nini? Lete chakula, mama. Binti yako kathema unapika."

Akala kama mtu mwenye meno yote.

Ufizi ulipopona, daktari alimwita ofisini kumpima meno ya bandia. Alikuwa na mpango, na alikuwa ameuota hadi ukakomaa: fundi angetengeneza meno mawili yenye mwanya ule ule, upana ule ule, na mluzi ungerudi. Alimweleza mzee huku macho yakimng'aa.

"Athilani," akasema mzee.

"Lakini sauti yako!"

"Thauti iko kwenye flathi ya kaka yako, mkathikilize huko. Miaka yote nimelia kama birika. Thitaki tena. Nataka meno yaliyonyooka, meupe, yaliyobanana. Kama ya muutha magari."

Kaka alipopata habari alikuja mwenyewe kliniki kumsihi, na gari la mafunzo akaliegesha vibaya nje, na mwanafunzi ndani yake. Haikusaidia. Mama alipoulizwa alisema mdomo ni wa mwenyewe. Meno yakatengenezwa kama yalivyoagizwa, na mzee akatoka kliniki na tabasamu la kutisha, akisema "asante" safi, kavu, kama mtu yeyote. Daktari aligundua, kwa mshangao kidogo, kwamba hakuumia sana. Alikuwa na vipindi vingi ambavyo bado hajaviona. Na kwenye kikao cha Alhamisi, mganga mkuu aliposema suala la eksirei liko mbioni, ilimbidi atoke nje akiwa ameshika tumbo. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba labda ni mimba.

Jumamosi mzee akarudi kwa Mama. Alikuwa amechana nywele, na alipokaribishwa alikenua meno yote kwa pamoja, upande wa Mama tu. Mama akamsogezea kiti, si kile cha kawaida, kile chenye mto.

Jikoni, kaka alimvuta dada yake mkono. "Umeona? Yule mzee anamtaka Mama!"

"Nimeona."

"Na wewe ndiye uliyempa yale meno!"

"Swali zuri sana," akasema daktari. "Linashughulikiwa."

Kutoka sebuleni Mama aliwaita wanyamaze na walete chumvi, kipindi kimeanza.