Nyumba Kama Ilivyokuwa

Nyumba ile ya kando ya ziwa ilipokuwa mpya, watu walisimama barabarani kuicheka. Paa bapa kama kifuniko cha sanduku, ukuta mzima wa vioo upande wa maji, ngazi zenye mwanya kila kidato, unapanda huku unaona waliokaa chini. "Hii ni nyumba au duka la vioo?" walisema. Leo watoto wa watu hao hao wanatoa nauli kuja kuipiga picha. Haya, dunia ndiyo hiyo.

Mama Funguo hakuwahi kuicheka. Alifika pale msichana wa miaka kumi na sita, rangi ya kuta bado inanuka, akapewa ufagio, na ufagio ule akaushika miaka hamsini na sita. Funguo zote za nyumba zilining'inia kiunoni mwake, ndipo jina lilipotoka. Alimzika baba mwenye nyumba, akamuuguza mama mwenye nyumba mpaka pumzi ya mwisho, na binti yao wa pekee alimbeba mgongoni tangu hajaota jino. Binti huyo mpaka leo, na mvi zake, anamwita Mamdogo.

Mama mwenye nyumba kabla hajafa alimshika mkono akamwambia, "Chumba chako cha uani ni chako. Utakaa humo mpaka Mungu akuite." Hakuandika popote. Nani anaandikiana karatasi na mtu anayemwogesha? Binti alikuwepo, alisikia, akaitikia kwa kichwa. Na Mama Funguo hakutaka kingine duniani: chumba kimoja, dirisha moja linalotazama maji, mlango anaoufunga mwenyewe.

Basi matanga yalipokwisha, Binti akaja na Msanifu. Mtu mwembamba, mpole, anaongea taratibu mpaka unataka kumsaidia kumaliza sentensi. Akaeleza kwamba nyumba itarudishwa kama ilivyokuwa mwaka ilipojengwa. Si kama juzi wala mwaka juzi, mwaka ule ule. Kilichoongezwa baadaye kitatoka, kilichoondolewa kitarudi. Michoro ya zamani panya walikuwa wameila nusu, kwa hiyo kilichobaki ni kichwa cha Mama Funguo. Wakawa wanatembea chumba kwa chumba, Msanifu kashika simu inarekodi, anauliza, yeye anajibu. Cha mwanzo kinapigwa alama ya chaki nyeupe. Cha baadaye kinapigwa nyekundu, na chenye nyekundu kinavunjwa.

Wiki sita! Hebu niambie, katika miaka yote ile nani aliwahi kumuuliza yule mama kitu zaidi ya "chai iko wapi?" Sasa msomi mzima anamvutia kiti.

"Mama, mlango huu ulikuwa kijani tangu mwanzo?"

"Kijani gani! Ulikuwa rangi ya chungwa bivu. Baba mwenye nyumba alipaka kijani kwa hasira, jirani alipomwiga."

Wakakwangua, wakakuta chungwa. "Na hii dari nyeupe?" "Ng'oeni hiyo takataka, juu yake kuna mbao." Wakang'oa, wakakuta mbao za mvule, nyororo, mchwa hawajazigusa. Mafundi wakampigia makofi. Msanifu akasema, "Mama, wewe ni maktaba." Kilemba cha ukoka hicho, naye akakivaa akakiona cha hariri. Akawa anaamka na hamu ya kuulizwa. Akawa anajibu hata yasiyoulizwa.

Alhamisi moja wamesimama uani wanakunywa chai, Msanifu hajauliza lolote, mwenyewe akanyoosha kidole.

"Hata kile changu pale si cha mwanzo, usije ukadanganyika! Kilijengwa mwaka niliomzaa mwanangu. Fundi mmoja, siku tisa, kwisha. Aliuiga ukuta vizuri mno, lakini tazama chini ya dirisha, matofali ni madogo kuliko ya nyumba kubwa." Akacheka.

Msanifu akachuchumaa, akayapima kwa kiganja. "Kweli kabisa. Ningepita bila kuona."

Naye akafurahi. Jamani, alifurahi! Alijipalia makaa huku anatabasamu, akarudi ndani kuosha vikombe.

Jumatatu alirudi kutoka kliniki ya macho akakuta msalaba mwekundu kwenye mlango wake.

Alidhani wamekosea. Akalowesha kitambaa, akaufuta, kisha akaenda kumwambia Msanifu kwa upole, kama unavyomwambia mgeni kwamba kageuza shati. Msanifu akavua miwani.

"Mama, si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema nini?"

Akamsikilizisha simu. Sauti yake hiyo, imenona kwa raha, inamwambia mtu asije akadanganyika.

"Nilikosea," akasema. "Uzee huu, baba. Chumba kilikuwepo tangu mwanzo. Sasa nakumbuka."

Kusema uongo hakukuzoea, na ilionekana, maana aliuambia ukuta badala ya mtu. Msanifu akamtazama kwa huruma. "Wiki sita, Mama, hujakosea hata mara moja."

Binti akaitwa, akaja mbio, viatu vimejaa vumbi la sebuleni.

"Mamdogo, mimi nilidhani umeamua. Nilipoambiwa umesema vile, nikajua ndiyo namna yako ya kuniambia umechoka, unataka kwenda kupumzika kwa mwanao."

"Mama yako alisema nini kitandani, na wewe unasikia?"

"Alisema." Binti akaanza kulia. "Lakini nyumba inaingia kwenye orodha ya majengo ya kumbukumbu. Mkaguzi akikuta kitu kimoja cha baadaye, anaikataa yote. Kimoja tu, Mamdogo! Na kama haiingii, siwezi kuibakiza, nitaiuza kwa watu wa hoteli. Nifanyeje?"

Hapo ndipo alipotakiwa kushika mwimo wa mlango akasema hatoki. Maneno alikuwa nayo. Lakini mtoto yule akilia, hakuwahi kumwacha alie, tangu yuko mgongoni. Mkono wake ukaenda wenyewe, ukashika pindo la nguo, ukamfuta machozi. "Basi, mama," akasema. "Basi. Usilie." Na Binti akamkumbatia akasema asante, kwa kuwa alielewa kwamba ameruhusiwa. Mimi hasira niliyonayo kwa mkono ule, sijui niipeleke wapi.

Kilichojengwa siku tisa kilivunjwa asubuhi moja. Pakapandwa nyasi. Mama Funguo akahamia kwa mwanawe, vyumba viwili, wajukuu watano. Analala kwenye kochi, wakishamaliza kutazama televisheni.

Siku ya kuizindua nyumba alitumiwa gari. Vioo viling'aa, maji ya ziwa yanacheza darini, na wageni wakawa wanashusha sauti wakiingia, kama watu wa ibada. Binti akamshika mkono mbele yao. "Huyu ndiye aliyeikumbuka. Bila yeye tusingekuwa na kitu." Wakampigia makofi.

Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye daftari, akamsogelea. "Na wewe ulikuwa unaishi wapi humu?"

Msanifu akawahi kujibu. "Nyumba ya mwanzo haikuwa na chumba cha mfanyakazi. Kiliongezwa baadaye, tumekiondoa."

"Sasa kabla hakijaongezwa alikuwa analala wapi?"

Msanifu akamgeukia Mama Funguo. Wiki sita alizouliza habari za milango na vitasa, hilo hakuliuliza.

"Njooni," akasema Mama Funguo.

Wakamfuata jikoni na glasi zao mkononi. Akasimama kati ya jiko na mlango wa nyuma, akaonyesha kwa ncha ya kiatu.

"Hapa. Mkeka mmoja, miaka minane. Mimba yangu ilipofika miezi saba, mama mwenye nyumba aliingia alfajiri kuchukua maji akanikwaa tumboni, nusura aanguke. Siku ile ndiyo akaona aibu, akamwita fundi wa kile chumba." Akamgeukia Msanifu. "Hii ndiyo ya mwanzo, baba. Ya mwanzo kabisa. Nayo mmeirudisha vizuri."

Binti akainamisha uso. Hakuna aliyejua pa kutazama, basi wote wakatazama chini, kwenye sakafu ya terazo iliyosuguliwa upya, vipande vyeusi na vyeupe vinameremeta. Yule mama wa daftari akainama, akapitisha kiganja.

"Sakafu nzuri sana," akasema.

"Nzuri," Mama Funguo akaitikia. "Ila ina baridi. Inakuingia hapa, kwenye mbavu, na haitoki."

Mtu mmoja akacheka kidogo, akidhani ni utani. Wakarudi sebuleni kutazama maji.