Mkono Usiobeba Ndoo

Nyumbani kwetu tulikuwa watano: baba, mama, mimi, mdogo wangu Mzinga, na mkono wa kulia wa Mzinga. Huo wa tano ndio uliokuwa na heshima zake. Haukubeba ndoo, haukuosha vyombo, haukugusa ufagio. Wageni wakija, Mzinga aliwasalimia kwa kuinamisha kichwa, na baba akawaeleza kwa fahari: "Msiushike huo. Huo ni mkono wa besiboli."

Mzinga alikuwa na miaka kumi na tatu, na kazi yake uwanjani ilikuwa kurusha. Mrushaji husimama kwenye kijilima katikati ya uwanja, humtupia mpira mpigaji mwenye gongo, na mpira ukienda kasi, mpigaji hupiga hewa. Mzinga aliwapigisha hewa watoto wa watu mpaka nikawaonea huruma. Shule moja kubwa ya michezo ilikuwa imeahidi kumtuma mtu kwenye fainali atafute vipaji, na baba alikwisha kumwona mwanawe huko, anasoma bure na kulala kwenye godoro jipya.

Ndoo je, nani abebe? "Wewe si dada yake?" baba aliniambia, kana kwamba udada ni msuli.

Baba ni fundi wa friji. Kwenye karakana yake friji zilizokufa zilijipanga ukutani, moja tu ndiyo iliyokuwa hai, na hiyo iligandisha barafu ya mkono. Wateja walisimama mlangoni wakiulizia vitu vyao, fundi kapiga magoti anamfunga mwanawe barafu begani na kiwikoni kwa taulo la kuogea. La kwangu.

Ligi ilikuwa na sheria nzuri sana: mtoto akifikisha idadi fulani ya mitupo, atolewe, apumzike siku kadhaa. Kocha wa shule aliifuata kama sala. Kila Jumamosi, idadi ikitimia, alimtoa Mzinga na kumpigapiga mgongoni. Kocha wa klabu, timu yake ya pili, naye hakuwa mtu wa mchezo. Kila Jumapili, idadi ikitimia, alimtoa. Kila mmoja wao alijisifu kuwa na mrushaji aliyepumzika wiki nzima, ila kwa bahati mbaya alikuwa mrushaji yuleyule. Siku za katikati Mzinga alirushia godoro bovu nyuma ya karakana, maana baba alisema mazoezi si mechi, na godoro halina refa.

"Mla kwa miwili hana mwisho mwema," mama alimwonya.

"Hali kwa miwili," baba akajibu. "Anarusha kwa mmoja."

Nusu fainali walishinda. Mzinga alitoka uwanjani analia, na sisi tukamkumbatia tukidhani ni machozi ya furaha.

Asubuhi iliyofuata alikuja chumbani kwangu, shati la shule liko wazi. "Dada, nifunge vifungo."

"Una mikono miwili."

"Nifunge tu, dada."

Nikamfunga huku nabwata, nikidhani mkono umepandishwa cheo tena. Kesho yake nikamwona anapiga mswaki kwa kushoto, povu mpaka sikioni. Nikafunga mlango. "Inua mkono wako."

Akauinua. Ukafika usawa wa tumbo, ukakwama hapo.

"Usimwambie baba," akanong'ona. "Yule mtu wa shule anakuja."

Nilitaka kumpiga kofi, nikataka kumbeba. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini huyu hakuhitaji hata kuficha. Angekuwa anabeba ndoo kama watoto wengine, ndoo ingemwanguka siku ya kwanza na nyumba nzima ingejua. Sisi tuliulinda mkono ule vizuri hivi kwamba ulikufa mikononi mwetu na hakuna aliyeona tofauti. Niliona aibu, maana nilikuwa nimeuonea wivu.

Sikumwambia baba. Nilifanya jambo dogo zaidi. Asubuhi ya fainali Mzinga aliponiletea jezi yake ya vifungo, nilitumbukiza mikono kwenye beseni la vyombo nikasema kwa sauti, "Leo nina sabuni. Mwambie baba."

Baba akatokea na taulo begani, anapiga mluzi. "Jifunge upesi, mwanangu, tunachelewa."

Mzinga akajaribu. Vidole vilipapasa kifungo cha chini, vifungo vya juu vikabaki mbali. Mluzi ukakatika. Baba akamshika kiwiko, akajaribu kukikunja taratibu, na ukelele uliomtoka mdogo wangu ulimleta mama kutoka uani na sufuria mkononi.

"Labda barafu..." baba alianza.

"Hospitali," mama akasema, na kwa jinsi alivyoishika ile sufuria hapakuwa na mjadala.

Daktari alikigusa kiwiko, akatazama picha, akakunja uso. "Huyu mtoto mnamfanyisha kazi gani nzito?"

"Kazi?" Baba hata pale alishindwa kuizuia fahari yake. "Hafanyi kazi yoyote, daktari! Hata kikombe habebi!"

Daktari akamgeuzia ile picha. Kisha akasema mfupa wa mtoto bado unakua, na huu ulivutwa hapo hapo unapokulia. Akipumzika kwelikweli, mkono utapona wa kushika kalamu na kijiko. Wa kurushia, hakutaka kuahidi.

Makocha walipigiwa simu. "Kwangu hakuzidisha hata mtupo mmoja," akasema wa kwanza. "Kwangu mimi hakuzidisha," akasema wa pili. Na walisema kweli wote wawili, Mungu awape zawadi yao.

Jioni baba alikaa uani. Mzinga, mkono ukining'inia kwenye kitambaa shingoni, alikuwa akipambana na kijiko kwa kushoto. Nikaingia kutoka bombani na ndoo mbili, moja kila mkono, nikazitua bila kumwaga tone. Baba akainua macho. Yakatulia begani kwangu, na nikalitambua lile jicho: ndivyo anavyotazama friji iliyotupwa ambayo bado ina injini.

"Hebu, mwanangu," akasema polepole, "nyoosha mkono huo kidogo."

Mama akaacha kukoroga mchuzi.

"Kuanzia kesho, ndoo uache kwanza..."

Nikanyoosha mkono kama alivyotaka. Nikauweka mpini wa ndoo tupu iliyokuwa kando kwenye kiganja chake, nikamkunja vidole kimoja kimoja. "Pipa la jikoni halijajaa, baba. Bomba lile pale."

Alinitazama, akamtazama mama, akaenda. Alirudi ameikumbatia ndoo kwa mikono yote miwili, amepinda mgongo, nusu ya maji iko kwenye suruali.

Mzinga akaweka kijiko chini. "Polepole, baba," akasema. "Utauumiza huo mkono."