Nyiramana wa Kwenye Karatasi

Mwalimu Evode alitimiza ahadi. Alisema atarudi na matokeo, akarudi, ingawa sisi tulikuwa tumeshamsahau. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu aje na daftari lake na simu ya kunasa sauti, akatuuliza sisi wanawake wa koperative ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, namna tunavyokata mambo yetu: nani anasema, nani ananyamaza, nani anafuatwa. Anafundisha siasa kwenye chuo kikuu. Siyo siasa ya kutafuta kura, alituambia, ni siasa ya kusoma, kama daktari anavyosoma ugonjwa bila kuugua. Alikulia Tanzania. Kiswahili chake kimenyooka kama shuka iliyopigwa pasi, na sisi tulipenda kumsikiliza tu.

Tuliohojiwa tulikuwa kumi na wawili. Kila mmoja aliitwa peke yake nyuma ya jumba la mkutano, akasomewa karatasi ya makubaliano, akatia sahihi. Karatasi ilisema jina langu halitatajwa popote. Yangu niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha sala.

Niseme ukweli, siku ile nilizungumza sana. Tangu mume wangu Bizumuremyi afariki, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo kisha akangoja jibu. Watoto huuliza huku wanatoka. Mwalimu aliuliza, akanyamaza, akanitazama. Maneno yakatoka kama maji ya bomba lililokauka siku nyingi. Akataka kujua mikutano yetu inaendaje. Nikamwambia, "Mwalimu, kwetu mkono unatangulia, masikio yanafuata. Tunanyosha kwanza, kisha tunauliza jirani tumenyoshea nini."

Alicheka mpaka akafuta macho. Nilirudi nyumbani na furaha, Mungu anisamehe, furaha ya mtu aliyesifiwa.

Basi siku hiyo ya Jumanne tulikusanyika wote kumsikiliza. Mama Vénantie, prezida wetu, alikaa mbele. Yeye ndiye aliyeanzisha koperative aliporudi kutoka Kongo, na siku nilipomzika mume wangu ni yeye aliyenipa meza sokoni bila mimi kuomba. Sijasahau. Kulia kwangu alikaa Nyiramana, mgawaji wetu. Kila alfajiri mitumbwi ikifika, yeye ndiye anayesimama ufukweni na kumpa kila mama sehemu yake ya sambaza. Mkono wake haupendelei. Goti lake la kushoto limevimba, hawezi tena kuvuka mpaka kwenda Goma na beseni kichwani, kwa hiyo kazi ile ya ugawaji ndiyo maisha yake.

Mwalimu alishika karatasi. Iliandikwa Kiingereza, akawa anasoma na kugeuza kwa Kiswahili.

"Kichwa chake ni hiki: Mkono Unatangulia."

Niliyatambua maneno yangu.

"Na hapa ukurasa wa tisa. 'Mkono unatangulia, masikio yanafuata. Tunanyosha kwanza, kisha tunauliza jirani tumenyoshea nini,' anasema Nyiramana, muuza sambaza."

Wanawake wakageuka. Nyiramana mwenyewe akageuka nyuma, kama mtu anayemtafuta mwingine mwenye jina lake.

"Mi?" akasema. "Mi sikumuona huyu mwanaume hata siku moja. Ile juma nilikuwa ku matanga ya mama, kule Cyanzarwe."

"Na kule Cyanzarwe mwalimu alifika," sauti ikatoka nyuma. "Aliuliza batu ya kule pia."

Mwalimu alikuwa amegeuka rangi. "Akina mama, hilo siyo jina la kweli. Majina yote nimeyabadilisha. Sikujua kuna mtu hapa anaitwa hivyo."

"Bon," akasema Mama Vénantie. "Mu majina yote ya Rwanda, uliona tu hii?"

"Nilichukua jina la bibi yangu."

"Kumbe umeoa?" mmoja akadakia. "Na ulituambia hapana."

Jumba zima likacheka, kwa sababu kwetu bibi ni mke. Mwalimu akaanza kueleza kwamba ni mama wa mama yake, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka. Prezida peke yake hakucheka. Alingoja tunyamaze.

"Donc basi, si Nyiramana. Ni nani?"

"Siwezi kusema, mama. Niliahidi kwa sahihi."

"Lakini mutu iko."

"Yuko."

"Iko hapa ndani?"

Mwalimu akaanza kukunja karatasi zake, na hilo likawa jibu.

"Sikieni," akasema Mama Vénantie, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Mutu alitushonea kichekesho, sasa bazungu banatusoma. Mukutano mukubwa iko nyuma ya juma tatu kutoka leo. Mwenye alisema asimame. Kama hasimami, mi nitajua ni Nyiramana, na ataacha kugawa. Mugawaji hawezi kuwa mutu wa kucheka mukutano."

Nilimfuata mwalimu nje. Moto, pikipiki ya kukodi, ilikuwa inamngoja, dereva ameshavaa kofia.

"Mwalimu, kwa nini hukuniacha niwe namba?"

"Ulikuwa namba, mama. Namba saba. Lakini jarida kabla ya kuchapa huwapa wasomaji wawili waipime kazi. Mmoja aliandika: hawa ni watu, si magunia, wape majina. Nikaona ana haki."

"Yeye anaitwa nani?"

"Sijui. Wasomaji wale majina yao hufichwa."

"Basi yeye wamemficha vizuri."

Aliinamisha kichwa. Nikamwambia aifute. Akasema haifutiki, imeshatoka, iko kwenye maktaba za watu. Anaweza kuomba jarida lichape sahihisho, lakini sahihisho litasema siye Nyiramana, na prezida atauliza tena ni nani, tutarudi palepale.

"Wewe tu ndiye unayeweza kunifungua na ahadi ile," akasema. "Niambie nikutaje, narudi humo ndani sasa hivi."

Nilitazama mlango. Kitenge cha Mama Vénantie kilionekana, cha njano, anaongea na wanawake. Nilikumbuka meza yangu sokoni.

"Usinitaje," nikamwambia.

Moto ikaondoka kuelekea barabara ya Rugerero.

Juma zile tatu niliishi kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Mimi nina maneno, watu wanajua, mtu akiniamkia namjibu kwa kitu cha kuchekesha. Niliacha. Niliogopa wasije wakasikia mwendo wa maneno yangu wakasema, ah, hata yale ni ya huyu. Nikabaki na ndiyo na hapana. Mama Vénantie akanisifu mbele ya wenzangu, eti muone Mama Gisubizo, mutu wa heshima, hana mudomo. Kanisani, tulipofika pale pa kuungama kwamba tumekosa kwa mawazo na kwa maneno, nilikwama, wenzangu wakanipita wakamaliza. Nilifikiri: kosa langu si maneno. Maneno yalikuwa ya kweli.

Na kila alfajiri nilisimama mbele ya Nyiramana na beseni langu. Asubuhi moja alishika chombo cha kupimia akakaa nacho hewani.

"Mama Gisubizo, na we unaamini ni mi?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Bon. Heri we." Akanimwagia sambaza mpaka zikaruka nje, kisha akaniongezea konzi moja ambayo haikuwa haki yangu. Siku ile sikuweza kula samaki.

Siku ya mkutano mkubwa nilienda na kitabu cha sala kifuani. Prezida alisoma jambo la Nyiramana, akauliza kama kuna mwenye kusimama. Nikasimama. Nilishika kiti cha mbele yangu.

"Njo mi, ni mi nilisema."

"Ulisema nini, mama?"

"Ile ya mukono na masikio. Nyiramana hana kosa."

Wakaniangalia. Mama Vénantie akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonimaliza, kwa sababu lilikuwa la upendo.

"Shenge, mupenzi, roho yako ni muzuri, kila mutu anajua. Lakini usibebe zambi ya mwenzako. We njo unanyosha mukono wa kwanza kila mukutano. We unaweza kusema vile?"

"Na zile maneno ni za mutu wa masomo," akaongeza jirani yake. "Huyu aliishia la sita kama sisi."

"Na karatasi inasema Nyiramana," mwingine akasema. "Karatasi iliandika Mama Gisubizo wapi?"

Nilitoa makubaliano yangu kwenye kitabu cha sala, nikayafungua, nikayainua juu. Prezida akayatazama kwa mbali. "Hiyo tuko nayo batu kumi na mbili. Hata mi niko nayo ku nyumba."

"Basi mumupigie mwalimu. Namufungua. Aseme."

Denyse, karani wetu, akapiga, akaweka sauti juu. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Ukaja ujumbe, Denyse akausoma: Niko darasani, ninafundisha, nitapiga saa nane.

Ilikuwa saa nne asubuhi.

"Hatuwezi kungojea darasa," akasema Mama Vénantie. "Mama Gisubizo, kaa. Wenye banakubali Nyiramana aache kugawa, banyoshe mikono."

Nilikaa. Sikuwa na kitu kingine cha kutoa. Nyiramana alikuwa anatazama goti lake. Mikono ikapanda, mmoja, kumi, nyuma yangu, mbele yangu, na wa kwanza kabisa, mrefu kuliko yote, ulikuwa wa mukecuru Donatha, mzee wetu, ambaye masikio yake yamezibika siku nyingi. Aliunyosha vizuri, akaushikilia kwa mkono wa pili usichoke. Kisha akamwinamia jirani yake na kuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejisikia:

"Tunanyoshea nini?"

Halafu mtu mmoja akapasuka kwa kicheko pembeni, akajiziba mdomo, na kicheko kikatambaa kiti kwa kiti. Mikono ikaanza kushuka. Wengine walishusha huku wanacheka, wengine huku wanatazama chini. Donatha akabaki na wake juu. "Kwani mumeshusha?" akauliza.

Mama Vénantie hakupiga kelele. Alimwambia Denyse aandike kwamba jambo limeahirishwa. Kisha akanitafuta kwa macho, akanipata, na nikaona tabasamu lile likizimika polepole.

"Kumbe haikuwa maneno ya masomo," akasema. "Njo we."

Saa nane mwalimu alipiga. Nilimwambia asiandike sahihisho lolote. Aliuliza kwa nini, nikamwambia nimechoka kuandikwa.

Meza yangu sokoni sijanyang'anywa. Ila kila mkutano, kabla ya kupiga kura, prezida husimama akasema, "Mama Gisubizo, umesikia vizuri? Sasa unaweza kunyosha." Na wote hungoja mkono wangu.

Nyiramana bado anagawa. Alfajiri ya kwanza baada ya mkutano nilisogea na beseni, nikasema bonjour. Hakuitika. Alipima sehemu yangu, akasawazisha juu kwa kiganja, haikuzidi hata samaki mmoja wala haikupungua.

"Juma tatu," akasema bila kunitazama. "Kila asubuhi ulisimama hapo, mi nakuwekea."

"Unisamehe, dada."

Akanisukumia beseni.

"Chukua, Nyiramana," akasema. "Ni zako."

Wanawake walio nyuma yangu walicheka, na jina likashika. Siku hizi ufukwe mzima unaniita hivyo, hata watu wa mitumbwi. Yeye halichekei. Ananiita, nami naitika.