Filigisi ya Bata Mzinga

...na usiache kukoroga, husema Suzan, ukiacha tu unga unashika chini na siagi inaungua, basi nakoroga, siagi na unga wa ngano, mpaka rangi ifike ya karanga za kukaanga, na nyuma yangu mlango wa chumba uko wazi na baba yumo, amekaa ukingoni mwa kitanda changu na koti lake la kanisani, anangoja bata mzinga niliyemchinjia, niliyemchinjia, ndivyo nilivyosema kwa mdomo huu huu, saa moja haijapita, nilipoingia na mfuko akaiona mifupa imejichora kwenye plastiki, akainuka, akauliza, "Hedwiga, umenichinjia, mwanangu?" na ilikuwa rahisi kabisa kusema hapana baba, ni nyama ya jana ya kwa tajiri wangu, wamekula wakashiba wakanifungia iliyobaki, lakini ulimi ukasema ndiyo baba, bata mzinga mzima, na yeye akautazama mfuko, akakaa tena polepole, akasema Mungu akubariki... vitunguu sasa, na seleri, vilainike, halafu supu kidogo kidogo isifanye mabonge, Suzan anatoka kusini, kusini ya Marekani, na siku ya kwanza niliyoanza kazi kwake pale Observatory, mtaa wa wenye nazo, aliniuliza natoka Tanzania ipi, nikamwambia ya kusini, Songea, akapiga makofi, akasema basi watu wa kusini tutaelewana jikoni, na kweli tumeelewana, ndiye aliyenifundisha chakula hiki cha siku ya pili ya sikukuu yao, unachambua nyama iliyobaki, unaitia kwenye mchuzi mzito, unadondosha juu madonge ya unga na maziwa, unafunika, robo saa tu, chakula cha kumtuliza mtu roho, anasema, na yeye kinamtuliza kwa sababu ni kiporo chake, kiporo cha kwako hakina aibu, nani hajaamka akala kiporo cha maharage na chai, lakini kikishavuka geti la Suzan kikaja huku kwetu Bellevue ndani ya mfuko si kiporo tena, ni makombo, na mgeni hapewi makombo, sembuse baba, siku nne kwenye mabasi, Mbeya, Tunduma, Lusaka, Harare, mpaka huku kusini kabisa mwa bara, na kiroba cha dagaa wa Nyasa magotini, miaka tisa hajaniona.

Nilikusudia jogoo, Mungu ananiona, kule Jeppestown wanauza kuku wazima kwenye matundu kando ya barabara, baba kafika Jumatano, nikapanga Alhamisi nitoke kazini saa nane nipitie huko, kumbe Alhamisi ndiyo sikukuu yao ya shukrani, wageni kumi na sita, Suzan akaniomba nibaki, nikabaki, na sikumwambia nina mgeni, niliona aibu, angesema mlete, na baba angenikuta naondoa sahani za watu, kwa hiyo baba alishinda siku yake ya pili kwa mkate na chai, na leo ni ya tatu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mimi hata jembe sina la kumpa, nina mbavu za ndege walizokwisha kuzichokonoa wenzangu... "Hedwi, maji ya kunawa nije kuchota?" Baba huyo. Kaa tu baba, nitakuletea, nasema, na sauti yangu imetoka laini mno, sauti ya mtu mwenye hatia, atanisikia... nyama iingie sasa, nichambue vizuri asione alama za kisu, na filigisi, hapa ndipo ninapotamani ardhi inimeze, kwetu ndege akichinjiwa mgeni filigisi ni yake, ukimwandalia sahani isiyo na filigisi umemwambia wewe si lolote hapa, na filigisi ya bata mzinga huyu Suzan aliichemsha jana akamtupia mbwa, mbwa wa Suzan amekula filigisi ya baba yangu mbele ya macho yangu na mimi nikamkuna kichwa, kwa hiyo uongo uliponitoka pale mlangoni nilimwambia baba nakimbilia chumvi, nikakimbilia bucha, nikanunua paketi ya filigisi za kuku, nikachagua iliyo kubwa kuliko wenzake, ndiyo hii inayopinduka humu sufuriani, filigisi ya kuku kwa ndege wa kilo nane, kama kifungo cha shati kwenye koti la askari, na anayeandaliwa amechinja ndege maisha yake yote, njia ya mwongo ni fupi, na yangu haizidi hatua sita, kutoka jiko hili mpaka kitanda kile.

Na Célestine naye, jirani yangu msusi, tunatumia jiko moja, mtu mwema lakini sauti yake ya Lubumbashi haijui kunong'ona, kachungulia hapa sasa hivi, "Dada Hedwi, ni ile dindon, ile bata mzinga ya kwa bazungu bako? Inanukia muzuri, utaniachia kidogo," nikaweka kidole mdomoni, akasema, "Eh, pardon," akarudi kwake kwa kunyata, na chumbani baba akakohoa, ni kikohozi tu, ana kifua tangu Harare, au amesikia, hakusikia, masikio yake siku hizi... madonge, dondosha kwa kijiko, usiyasonge, acha nafasi, yanavimba... sasa anapiga simu, anampigia mama, napenda anavyoongea na simu, kwa kelele, kana kwamba Songea ni ng'ambo ya bonde tu, "Mama Hedwi! Tumefika salama, ndiyo... mtoto ananenepa... eeh, amenichinjia," Mungu wangu, "bata mzinga, mkubwa, karibu sawa na mbuzi... nani kamchinja? Nimemchinja mwenyewe, hapo uani, mtoto kashika miguu, alipiga mabawa huyo, nusura atuponyoke." Mkono wangu umesimama. Uani gani, uani kwetu pamejengwa vyumba vya bati mpaka ukutani, hapana pa kumwaga maji ya vyombo sembuse damu, na baba hajakanyaga nje tangu nirudi kazini, na huyu ni baba Nicodemus, katekista miaka thelathini, aliyenichapa darasa la tatu kwa kusema nilikuwa misani kumbe nilikuwa mtoni, hakunichapia mto, alinichapia uongo, na sasa anamhesabia mama mabawa, nusura atuponyoke, anasema... kwa hiyo amesikia. Au hakuhitaji kumsikia Célestine, alijua pale pale mlangoni, nani anachinja ndege akamleta nyumbani ameshakauka na kuwa kahawia, alijua, ndiyo maana alikaa polepole vile, na makombo angekula, baba yangu angekula makombo akafanya ishara ya msalaba akashukuru, amekula magimbi mwaka wa njaa akashukuru, si nyama iliyomshinda, ni mimi, nimempa uongo wangu aubebe na ameubeba, anaufikisha nyumbani kwa mama na jumuiya nzima, mzee wa miaka sabini na mmoja, ili wasije wakasema Hedwiga hakumchinjia baba yake, na siwezi hata kumkatiza, nikisema ukweli sasa yeye ndiye atakuwa mwongo... naona aibu, naona aibu mpaka masikio yanawaka, si ile aibu ya mfuko, ile ilikuwa ndogo, ilikuwa ya kujionea huruma tu... viatu vyake vinakuja, koroga, mchuzi hautaki tena kukorogwa lakini koroga, yuko mlangoni, simu mkononi, ameiziba kwa kiganja, ananiangalia mimi, halafu sufuria, anaona yote yaliyomo, halafu mimi. "Mama yako hajaamini," anasema, taratibu, sauti aliyokuwa akiitumia kwa wagonjwa. "Sema ndiyo. Mengine tutasema tukishakula." Baba, nasema, baba mimi... "Vocha itaisha, mwanangu." Na simu iko sikioni mwangu, mama kule anauliza kweli Hedwi, baba yako amechinja, na mkono wangu mwingine bado uko kwenye mwiko, na nasema ndiyo mama, amechinja mwenyewe, nilishika miguu, na baba, ambaye siku zote nilipodanganya alinitazama machoni mpaka nikakiri, ameinamisha uso, anatazama sakafu.