Nanasi Juu ya Kidonda

Mjukuu wangu Wanja alipewa jina langu, na hakuna mtu aliyebisha, kwa sababu alizaliwa na doa langu. Mimi nina doa jeusi kwa shavu la kushoto, karibu na pua, kubwa kama punje ya maharagwe, limeinuka na lina nywele mbili. Yeye aliletwa kutoka hospitali na kadoa kama kichwa cha pini, mahali pale pale. Mama yake, binti yangu Carolyne, alianza siku hiyo kumwita "maitu", yaani mama yangu, na mpaka leo hamwiti kitu kingine.

Doa lilikua naye. Alipofika miaka ishirini na sita lilikuwa limelishinda langu. Alikuwa akifundisha watoto wadogo wa chekechea huko Membley, na watoto hawajui kuficha walichoona. "Ticha, uko na inzi." Kila siku inzi. Njau, mchumba wake, aliposema wazee wa kwao watakuja kwetu Gatuanyaga kwa ruracio, ile siku ya kuleta mahari, Wanja akaamua doa litoke kwanza.

Alikuwa na sababu. Kwetu kuna desturi ya kufunika wasichana siku hiyo. Anayeolewa anafunikwa leso kutoka kichwani mpaka miguuni pamoja na wenzake wanne, wanapangwa mstari mmoja, na kijana anaambiwa atafute wake. Akimpata, leso inafunuliwa mbele ya watu wote, vigelegele vinapigwa, na kila simu inaelekea uso ule mmoja.

"Shosho, nikifunuliwa nataka waone uso," aliniambia. "Wasione inzi."

Nilitaka kuuliza, na langu je? Lakini huwezi kumlazimisha msichana avae uso wako.

Mwezi wa nne alienda kliniki moja ya ghorofani pale Ruiru, akachomwa kwa sindano ya umeme. Dakika kumi hazikuisha. Akaambiwa asiguse, kigaga kitaanguka chenyewe. Siku ya nane shule zilikuwa zimefungwa, akaja kwangu. Kigaga kilikuwa kinene, cheusi, kimeshika kama lami.

"Ona, Shosho. Hiki ni kibaya kuliko hata doa. Na kinawasha."

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya.

Mimi nilifanya kazi ya mananasi miaka ishirini na sita hapa Thika. Aliyefanya kazi hiyo anajua nanasi bichi linakula. Tulilitumia kwa sugu za miguu na kwa chunjua. Unakata kipande chembamba karibu na moyo wa nanasi, pale panapowasha ulimi, unakifunga siku tatu, na kile kigumu kinatoka chenyewe. Nyapara wetu alitolewa chunjua nne za mkono namna hiyo, akatununulia soda na mkate. Nyuma ya tangi langu la maji nina mashina sita. Nikakata nanasi ambalo halijaiva, nikatoa kipande kama sarafu ya shilingi kumi, nikakiweka juu ya kigaga, nikabandika plasta. Asubuhi kipande kipya, jioni kipande kipya. Siku ya tatu kigaga kikatoka kizima kama kifuniko cha soda. Chini palikuwa pekundu, panatoa majimaji. Nikamwosha kwa maji ya chumvi, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Palipokauka, palikuwa na shimo. Punje ya mahindi ililala ndani bila kuanguka. Najua kwa sababu Wanja alinionyesha, amelala chali kitandani kwangu, anacheka kicheko ambacho sikukipenda.

Watoto wa Membley wakasahau inzi. "Ticha, nani alikutoboa?" Mmoja akatia kidole. Wanja akaomba ahamishiwe stoo ya vitabu, mahali mtoto haingii. Ruracio ilikuwa iwe mwezi wa nane. Akaisogeza mwezi wa kumi, kisha akaisogeza tena Jumamosi ya pili ya Desemba. Kila tulipoketi alichagua kiti ambacho shavu la kushoto litaelekea ukuta. Alipaka mafuta aliyonunua soko la Githurai 45, halafu mengine, shimo likang'aa tu. Njau alimwambia yeye haoni kitu.

"Haoni kwa sababu haangalii," Wanja akaniambia. "Siku hizi anaongea na paji langu."

Akasema kwamba shimo lisipojazwa hakuna ruracio. Alisema mara moja tu, na mimi namjua, mtu wa jina langu harudii.

Mwezi wa kumi na moja tukaenda kwa daktari wa ngozi hapa Thika, mama mmoja anaitwa Daktari Apiyo. Nilivaa sweta yangu ya kanisa. Daktari alitangulia kutuambia mikono yake ni baridi, tusishtuke. Akazima taa, akamulika shavu kwa tochi kutoka upande, na nikaliona lile shimo na kivuli chake ndani kama kisima. Akavuta ngozi kwa vidole viwili. Halikupotea.

"Limeshikwa chini," akasema, akawasha taa. "Njia ziko. Nitakuambia njia, halafu nikuambie shida yake. Usinichukie."

"Sema tu, daktari," Wanja akajibu.

"Kuna sindano ya kujaza. Nadunga kitu kama jeli chini ya shimo. Lakini hili limefungwa na nyuzi za kovu, kwa hivyo jeli itakimbilia pembeni. Utabaki na shimo lenye ukuta. Na hata ikikaa, baada ya miezi kadhaa inayeyuka."

"Si hizo nyuzi zikatwe?"

"Zinakatwa, kwa sindano, chini kwa chini. Au natoa shimo lote kwa kisu nashona mstari mwembamba. Hiyo ndiyo ningependa." Akanigeukia, akaangalia sikio langu. "Shosho, hayo masikio yalianza lini?"

Nina uvimbe kwa kila sikio, kama njugu mbili zilizoshikana. "Nilipotogwa nikiwa msichana. Hili la kulia lilikatwa hospitali, likarudi kubwa zaidi."

"Na wewe, Wanja?"

Wanja akakunja mkono wa blauzi. Pale alipochanjwa akiwa mtoto pamefura, panang'aa, kama kuna kitu kimeingia chini ya ngozi kikalala.

Daktari akaweka tochi mezani polepole. "Nikikata ngozi kama hii, naweza kuziba shimo niwaachie kilima. Kilima shavuni ni kibaya kuliko shimo."

"Leza je? Nimeona kwa simu."

"Kwa simu kila mtu anapona. Shimo lenye kina hivi leza haifiki chini, na ngozi yetu nyeusi inaweza kubaki na baka. Asidi pia ni hivyo." Akafikiria. "Kuna visindano vidogo vya kutobolea ngozi ijijenge yenyewe. Hiyo ningejaribu, kwanza sehemu ndogo, baada ya kovu kumaliza mwaka. Mara sita, pengine nane."

"Litajaa?"

"Litapungua. Theluthi, ukiwa na bahati. Mtu akikaa karibu ataliona."

"Na kufikia Desemba?"

"Desemba gani?"

"Hii."

Daktari akavua miwani. "Desemba hii ni poda tu, mama. Na poda italionyesha zaidi."

Akachukua kalamu. Akauliza kama baada ya kuchomwa kuna kitu chochote kiliwekwa juu ya kidonda.

"Hakuna," Wanja akasema haraka. "Nilibandua kigaga mwenyewe."

Daktari akaanza kuandika. Niliangalia ile kalamu ikienda. Nikasema, "Daktari, futa. Ni mimi. Niliweka nanasi bichi, siku tatu."

"Shosho, wacha," Wanja akasema.

"Nanasi?"

"Nilikuwa wa mananasi." Nikamwonyesha vidole vyangu. Kwenye ncha ni laini kama sahani, kwa sababu joto likizidi nilikuwa navua glavu, na maji ya nanasi yakala alama za vidole. Hata nikienda kusajili laini ya simu mashine inanikataa. "Nilijua linakula. Nilifikiri linakula kigumu peke yake."

Daktari alivishika vidole vyangu muda mrefu kuliko alivyohitaji. "Chini ya kigaga nyama ilikuwa inajijaza," akasema. "Ndiyo iliyoliwa."

"Kama ningewacha?"

"Shosho, ya nini hiyo?" Wanja akanikatiza. Lakini nilikuwa nimeshauliza, na daktari si mtu wa kudanganya.

"Pengine kovu bapa. Dogo, linalofunikwa na poda." Halafu akanyoosha kalamu kwa shavu langu. "Hilo lako limetulia. Usiliguse na mtu asiliguse."

Tulikaa nje kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne Wanja hakutafuta ukuta. Alikaa kulia kwangu, shavu la shimo likawa upande wangu, wazi.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Tangu mwezi wa sita. Nilisoma."

"Na hukunikasirikia."

"Nilikasirika, Shosho. Si ulinikosa Gatuanyaga mpaka mwezi wa tisa?"

Mimi nilidhani ni kazi ya vitabu imemshika. "Sasa kwa daktari ulikuwa unanificha kwa nini?"

"Umekuja na sweta ya kanisa. Umejipanga. Ningesema vipi mbele yako?"

Akatoa simu, akampigia Njau. "Waambie wazee wasije," akasema. Akasikiliza. "Hapana, si kusogeza. Wasije." Akasikiliza tena kidogo, akaweka simu mfukoni.

"Amesema nini?"

"Amesema sawa."

"Sawa tu?"

"Sawa tu. Hajauliza hata daktari amesema nini."

Nilitaka kumshika lile shavu. Nikaangalia vidole vyangu, nikavirudisha ndani ya mikono ya sweta.

Carolyne alipoambiwa alilia kwa simu, "Maitu, maitu," nikashindwa kujua ananilia mimi au anamlilia yeye. Kazi ya kuwaambia wale wasichana wanne wa kufunikwa nikaichukua mimi, kwa sababu Wanja hawezi kufanyishwa hata hiyo. Niliwapigia mmoja mmoja. Watatu walinipa pole na kukata. Wa mwisho, Trizah, anayefundisha naye Membley, alisema leso zote tano ziko kwake, alizifua na kuzipiga pasi, na akauliza tumepanga lini nyingine.

Nikamwambia akae nazo tu.